Niiteni Eufrosina

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimeolewa! Najua, nimeolewa tangu Desemba, kule Bukoba, kisha mume akarudi Kanada. Lakini kuolewa kwa simu si kuolewa. Mume wa kwenye kioo cha simu hana harufu, hana joto, na mtandao ukikatika anabaki mdomo wazi kama samaki. Sasa ninaye mwenyewe. Methodius wangu amelala kwenye kochi, soksi moja mguuni, nyingine sijui iko wapi — na mimi nimekaa namtazama tu. Mungu wangu, hata anavyokoroma napenda!

Tunakaa Thorncliffe Park, hapa Toronto, ghorofa ya juu kabisa, madirisha yanaangalia maghorofa mengine yenye madirisha yanayotuangalia sisi. Kila ukishuka na lifti unanusa mapishi ya mlango mwingine. Juzi mama mmoja wa Kihindi mwenye hijabu alinisikia nikiongea na simu, akanisalimia kwa Kiswahili cha Bukoba kabisa! Nikadhani nimeota.

Leo baada ya misa tulikwenda Mount Dennis kwa mama mkwe. Mama Adelina hakuweza kuja Bukoba kwenye harusi kwa sababu ya upasuaji wa goti, kwa hiyo tulionana uso kwa uso mara ya kwanza uwanja wa ndege, wiki iliyopita. Alinikumbatia mpaka mkoba ukaanguka. Akasema, "Karibu nyumbani, Jacqueline."

Nilidhani furaha imemchanganya. Jacqueline ni jina langu la kipaimara. Nililichagua nikiwa Fomu Wani kwa sababu msichana mrembo wa bweni letu aliitwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo; lazima Mama aliliona kwenye cheti cha ndoa. Hata mimi huwa nalisahau.

Leo tena. Jacqueline mwanangu, ongeza matoke. Jacqueline, pitisha chumvi. Nikasema kwa adabu zote, "Mama, nyumbani wananiita Eufrosina."

Akacheka mpaka akashika meza. Eti Eufrosina ni jina la sista mzee mwenye ndevu za kidevuni! Eti Wakanada watalitafuna kama nyama ya ng'ombe mzee, na wenzake wa jumuiya watauliza mwanawe kaoa ajuza gani. "Jacqueline ndilo jina la bibi harusi," akasema. "Tumemaliza."

Hatujamaliza. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba kuna sherehe ya kunipokea. Ukumbi mzima, Watanzania wote ambao hawakuweza kuja Bukoba. Clinton, binamu yake Methodius, ndiye MC. Nitatangazwa mlangoni.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenipa jina. Nilizaliwa asubuhi ya mwaka mpya, akaenda parokiani kuuliza leo ni sikukuu ya mtakatifu gani. Wakamwambia Eufrosina. Alirudi nyumbani akilitamka njia nzima, alivyolipenda. Shuleni akina Jacqueline walikuwa wanne darasa moja. Eufrosina nilikuwa mimi.

Nimeamua. Siku ile nitaingia kwa jina langu.


Jumatano, 10 Septemba

Nimepata kazi! Duka la mikate, mtaa wa Danforth, kwa Wagiriki. Nauza mikate ya duara yenye ufuta na pai za mchicha na jibini. Bosi ni mwanaume mpole mwenye nyusi zilizoungana. Alinipa beji, akauliza niandike nini. Nikaandika EUFROSINA, herufi kubwa, nafasi haikutosha, A ya mwisho ikapanda juu.

Saa nne akaja bibi mmoja mwenye gauni jeusi na mkongojo. Ni mama yake bosi. Haji kununua, anakuja kukagua. Akabonyeza mkate. Akabonyeza mwingine. Akanitazama kifuani, kwenye beji. Akasogea.

Akasoma kwa sauti: E-fro-si-ni.

Kisha akapiga ishara ya msalaba, kinyume na tunavyopiga sisi, akaanza kumfokea mwanawe kwa Kigiriki. Nikajua nimefukuzwa kazi siku ya kwanza! Kumbe, bosi alinitafsiria, anamwambia: tazama, Bikira Maria ameniletea mwingine, kutoka Afrika, kwa sababu wewe ulikataa!

Yeye anaitwa Efrosini. Jina langu! Na amenieleza hadithi yote huku foleni ikingoja. Kwao mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Ndiyo mila. Lakini wanawe wawili wote waliona jina ni zito, wakawapa mabinti majina ya hapahapa. "Jina langu litazikwa nami," amesema, halafu akanigonga mkono kwa kidole. "Nilikuwa nafikiri hivyo mpaka leo."

Nikamwambia kwetu watu wenye jina moja huitana somo. Akajaribu: so-mo. Akapenda. Ameondoka dukani akisema somo, somo, na mkate hakuununua.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimetafuta jina langu kwenye simu wakati wa mapumziko. Ona nilichokipata!

Zamani kabisa, kabla ya Ukristo, Wagiriki walisimulia mabinti watatu wa mungu wao mkuu. Mmoja mng'aro, mmoja ustawi, na mmoja Eufrosine — furaha. Ndiyo maana yake! Siyo furaha ya kuruka-ruka, bali ile ya watu waliokaa mezani wakala wakashiba wakaanza kucheka. Karamu bila Eufrosine haikuwa karamu. Wachongaji wamewachonga hao mabinti watatu wameshikana mabega, hawana nguo (hilo sitamwambia Mama).

Bibi Efrosini naye ameniambia kwamba neno hilo limo ndani ya sala zao. Kila padre akilisoma, yeye huinua kichwa kama aliyeitwa. Miaka yote hiyo, kila mara. Nimempenda kwa hilo!

Nilimsimulia Methodius chakula cha jioni. Nikamwambia hata jina lake ni la Kigiriki, na hakuna anayelicheka. Akasema yeye ni mwanaume, majina ya wanaume hayana mitindo. Nikamrushia kitambaa. Akaniita Frosi, Frosi wangu, Frosi wa moyo, mpaka nikasahau nimekasirikia nini.

Halafu Mama akapiga simu. Na mume wangu, macho yake kwangu, mkono wake juu ya mkono wangu, akasema: "Ndiyo Mama, Jacky yupo, anakusalimu."

Jacky!

Nikaondoa mkono.


Jumapili, 14 Septemba

Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana, tena kwa mdomo wangu.

Jana Bibi Efrosini alinisimulia maisha ya mtakatifu wetu. Sikuwahi kuyajua! Bibi yangu alijua sikukuu tu. Nikalia pale kwenye kaunta. Nikajisemea: Mama Adelina akiisikia hadithi hii, mwanamke mcha Mungu vile, na rozari yake daima mkononi, atanyamaza na kuniita Eufrosina maisha yote. Kwetu Wakatoliki mtu akikusimulia somo wake unatulia na kusikiliza. Nilijua nimeshashinda.

Nikaenda na mikate ya ufuta. Nikamwagia Mama chai. Nikaanza.

Kulikuwa na tajiri mmoja wa Aleksandria, Pafnutio. Binti yake mmoja tu, Eufrosina, aliyezaliwa kwa maombi. (Mama: "Mh, hadithi nzuri.") Alikuwa mzuri kupita wote. (Mama akaongeza sukari.) Baba akamtafutia mchumba, kijana wa nyumba bora, kila kitu tayari. Na yule binti, moyo wake ukiwa kwa Mungu, akakata nywele, akavaa nguo za kiume, akaenda —

Mama akaweka kikombe chini. "Akaenda wapi?"

Kwenye monasteri ya wanaume, Mama. Akajifanya mtawa wa kiume. Baba yake akamtafuta kila mahali akilia, mwisho akaja hukohuko kutafuta faraja, na mtawa aliyemfariji miaka na miaka ndiye binti yake, na hakumjua mpaka siku ile yuko kitandani anakufa —

"Alimkimbia mchumba."

"Alimkimbilia Mungu, Mama."

"Watu walikuwa wameshaalikwa?"

Sikujua. Nikasema labda. Mama akasimama, akaenda jikoni akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Methodius alikuwa anatazama zulia kama aliyepoteza kitu pale. Kisha sauti ya Mama ikatoka jikoni, pole pole: "Jina la mkimbia ndoa. Umeniletea ndani ya nyumba yangu jina la mkimbia ndoa."

Garini Methodius aliwasha redio mpaka nyumbani. Sielewi. Ni hadithi ya watakatifu tu!


Jumatatu, 15 Septemba

Sasa naelewa.

Methodius ameniambia asubuhi, amesimama mlangoni na koti la kazini, kama mtu anayetaka kusema na kukimbia. Kabla yangu alikuwa na mchumba, dada mwingine. Alidhani nina habari zake, kumbe sina. Wangeoana hapahapa Toronto. Ukumbi umejaa, chakula kimepangwa, Clinton ameshika maikrofoni, "Tumpokee bibi harusi!" — na mlango ukabaki mlango. Akaita tena. Dada alikuwa ameshapanda ndege kwenda Calgary.

Aliyewaambia wageni si Clinton. Alikuwa Mama. Alichukua maikrofoni akasema, wapendwa, kuleni, chakula kisipotee.

Sherehe yangu iko ukumbi uleule. Mama ameutaka uleule makusudi. Anataka watu walewale, viti vilevile, mlango uleule, na safari hii mtu atokee.

Nimelia kazini, Bibi Efrosini akadhani nimeungua na tanuri.


Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia Bibi Efrosini yote. Nilitaka anipe Eufrosina mwingine, mwenye ndoa nzuri, wa kumpelekea Mama. Akafikiri. Akasema yupo mmoja maarufu sana, kila Mgiriki anamjua, wa mji wa Ioannina. Kira Frosini. Mrembo, msomi, mke wa mfanyabiashara.

Nikafurahi! Mke! Ikawaje?

Akasema, mume akiwa safarini akapendana na mtoto wa kiume wa Pasha, mtawala wa enzi za Waturuki, na Pasha akamzamisha ziwani pamoja na wanawake wengine.

Nikamtazama. Akanitazama. Tukacheka mpaka bosi akatoka nyuma na unga usoni kuuliza kuna nini. Ziwani! Na mimi mtu wa Bukoba!

"Huyo usimpelekee mama mkwe," akasema somo wangu. Mtakatifu mmoja mwingine alikuwa binti wa mfalme huko kwa Warusi, naye akakataa kuolewa akaenda utawani. Nikamwambia basi, inatosha, jina letu lina matatizo na waume!

Akaacha kucheka. Akasema kitu ambacho nimekiwaza njiani kote. Kwamba watu huyakumbuka majina ya walioondoka kwa kishindo. Mama yake mdogo alikuwa Efrosini pia. Aliolewa, alizaa, alipika, alizeeka, mumewe alimpenda mpaka kaburini. Hakuna kitabu kinachomtaja. Kijiji chao kilikuwa na akina Efrosini wa namna hiyo wengi, hata hawahesabiki.

Bosi akasema, "Mama, wateja." Akamjibu wateja watakula, mkate hauna miguu.


Jumapili, 21 Septemba

Keki imeshaagizwa. METHODIUS & JACQUELINE. Nimeonyeshwa picha kwenye simu, maua ya bluu.

Kabla hatujaenda kwa Mama, Methodius aliniomba. Alipiga magoti! Kwa kweli, magoti, kwenye zulia letu. "Siku moja tu, Frosi. Mpe Mama siku moja. Kesho yake uwe Eufrosina mpaka tufe." Na macho yake yale. Nilikaribia kukubali. Naandika ukweli hapa: nilifungua mdomo niseme sawa.

Lakini siku moja hiyo ndiyo siku watu wote watakayonijulia. Nikiingia Jacqueline nitatoka Jacqueline. Kanisani Jacqueline, msibani Jacqueline, na siku moja watoto wangu watadhani Eufrosina ni bibi fulani wa Bukoba. Na kuna jingine, nalo ndilo zito. Mama anaogopa mtu ambaye hakuja. Mimi nimekuja. Nimeacha bibi yangu, nimepanda ndege mbili nikitapika, nimekuja. Akiingia mwingine kwa jina la kukopa pale mlangoni, basi bibi harusi hajafika safari hii pia.

Nikamwambia inuka, goti la Mama linatosha kwa familia.

Mount Dennis nikakaa chini karibu na kiti chake, kama mtoto. Nikasema pole Mama kwa siku ile. Sikujua. Akanishika kichwa. Akasema hata yeye hasemi, lakini akiona mlango wa ukumbi wowote anarudi siku ile. Tukalia wote wawili, vizuri kabisa. Methodius akatoroka kwenda kutazama mpira.

Kisha nikasema, "Lakini Mama, Jumamosi nitaitika Eufrosina. Jina lingine sitaitika."

Mkono wake ukatoka kichwani kwangu.

"Unanitisha, mkamwana?"

"Hapana, Mama. Nakuarifu mapema ili isiwe ghafla."

"Jina lile siwezi kulitamkisha kwenye maikrofoni ile. Niite mkatili. Siwezi."

"Shikamoo, Mama," nikasema, kwa sababu sikujua niseme nini.

"Marahaba. Una kichwa kigumu kama cha mama yangu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akanifungia matoke kwenye mfuko nipeleke nyumbani, na juu yake akaweka kipande cha samaki kikubwa kuliko cha Methodius.


Alhamisi, 25 Septemba

Leo ni sikukuu ya jina letu kwa Wagiriki! Jina moja, sikukuu mbili, mwaka mpya kwetu na Septemba kwao. Nani mwingine ana bahati hiyo?

Kwao siku hii haina kadi za mwaliko. Mwenye jina anafungua mlango, anapanga viti, anaweka vitamu mezani, na anayemkumbuka anakuja. Mwenye jina ndiye anayewalisha wengine! Mimi nilikwenda nyumbani kwa Bibi Efrosini nikifikiri nakwenda kulishwa. Nikavalishwa aproni mlangoni. Nami ni mwenye jina, kwa hiyo nami nagawa!

Nilipeleka kahawa yetu ya kutafuna, zile punje nilizotoka nazo Bukoba. Bibi Efrosini akaweka moja mdomoni, akakunja uso, akaomba nyingine.

Mlango ulikuwa wazi na baridi ilikuwa inaingia. Viti vilikuwa vingi. Watu hawakuwa wengi. Mashoga zake wengi wameshakufa, alikuwa akionyesha kiti na kusema hiki cha fulani, kile cha fulani. Bosi akaja na binti yake wa chuo, msichana mzuri, anaelewa Kigiriki lakini anajibu Kiingereza. Kila anayeingia anasema maneno yaleyale. Nikauliza maana yake. "Ulifurahie jina lako." Wanatakiana hivyo! Hawasemi uishi miaka mingi tu — ulifurahie jina lako! Mimi nikaenda kusimama jikoni kidogo nikijifuta.

Halafu Methodius akaja. Sikumwalika, nilimwambia tu niko wapi. Ametoka kazini na sare yake ya hospitali, amebeba maua ya dukani yenye bei bado. Akapiga hodi mlango ambao uko wazi, Mhaya wangu!

Bibi Efrosini akamuuliza jina. Methodius. "Methodios!" akapiga kelele, nani amekupa hilo? Akasema babu. Akakalishwa kiti cha marehemu mmoja, akapewa kitamu chenye asali na lozi. Kisha yule bibi, mchokozi kabisa, akajifanya hanijui.

"Na mkeo huyu, anaitwa nani?"

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Methodius akameza asali. Akanitazama, mimi na aproni yangu na sinia mkononi.

"Eufrosina," akasema. Lote. Si Frosi, si Jacky.

Nilitaka kuangusha sinia nimkumbatie! Njia nzima ya kurudi nilimning'inia mkononi kama koti. Lakini tulipofika kwenye lifti nikamuuliza, na Jumamosi? Mbele ya Mama?

Alibonyeza kitufe. Akakibonyeza tena ingawa kimeshawaka. Akasema, "Frosi, sijui."

Angalau hakunidanganya.


Jumamosi, 27 Septemba

Naandika kwenye korido, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, gauni limejaa mapajani kama povu. Daftari lilikuwa kwenye mkoba na vipodozi. Naandika ili nisisimame.

Ukumbi umejaa. Nilichungulia. Mama amekaa mbele, kitenge kipya, mgongo umenyooka kama yuko kwenye picha. Anatazama mlango.

Nilimwita Clinton kabla hajaanza. Nikamwambia, shemeji, nitangaze Eufrosina. Akasema, shemeji, Mama mkubwa atanikata masikio yote mawili na mimi naishi kwa masikio. Nikasema basi waambie watu ukweli: bibi harusi yupo, hajakimbia, yuko nyuma ya mlango huu, anangoja jina lake. Nilimwapisha aseme hivyo. Sikutaka Mama apate hata sekunde moja ya siku ile.

Muziki ukapigwa. "Tumpokee Methodius na — Jacqueline!"

Methodius akanishika mkono. Sikuinuka.

Vigelegele vikaanza vikafa. Clinton akacheka peke yake kwenye spika. Akasema kama tulivyopatana, wapendwa msitoroke, bibi harusi tunaye, viatu vyake naviona chini ya mlango, ila anasema anangoja jina lake. Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Kwani ana mangapi?" Wakacheka zaidi. Akaita tena, Jacqueline, kwa sauti ya kubembeleza kama mtu anayeita paka.

Sikuinuka.

Nikamwambia Methodius, wewe unaweza kuingia, sitakasirika. Akasema atawaambia nini huko, kwamba ameachwa mara mbili? Akalegeza tai. Akavuta kiti cha pili akakaa kando yangu. Goti lake linagusa langu. Hajasema jina lolote lakini amekaa.

Ndani muziki umezimwa. Sasa kuna viatu vinakuja. Mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Goti.

Ni Mama.

Amefungua mlango akausukuma nyuma yake lakini haukufungika vizuri. Amemnyang'anya Clinton maikrofoni, ameishika kama mwiko. Ametutazama. Uso wake — sijui nitauandikaje. Umechoka. Umeona mlango, na nyuma ya mlango umeona watu wawili wamekaa kama wanangoja daktari.

Methodius amempisha kiti. Amekaa. Maikrofoni iko mapajani kwake, taa yake ndogo ya kijani inawaka, na hajui. Ukumbi wote unasikia anavyohema. Mimi nasikia mahemo mara mbili, hapa na kule ndani.

Anautazama mkono wangu ukiandika.

"Unaandika nini?" amenong'ona, na ukumbi mzima umenong'ona naye.

"Jina langu, Mama."

Kule ndani wamecheka, kicheko kizuri, cha watu waliokaa mezani. Mama ameshtuka. Ameitazama maikrofoni. Ameona taa. Sasa amejua kwamba wote wanasikia.

Hajaizima.

Ameinua kidevu. Anatazama ule upenyo wa mlango, viti vilevile, watu walewale. Mkono wake mwingine umenishika kiganja, unabana, pete yake inaniumiza. Anaipeleka maikrofoni mdomoni. Amevuta pumzi. Herufi ya kwanza ikiwa E nitajua kwa midomo yake kabla ya ukumbi kusikia. Midomo imetanuka: E —